Jina lisilorithiwa: kwa nini majina ya Warundi huwa majina adimu ya ukoo ughaibuni

Mfalme Mwambutsa wa Nne wa Burundi, kabla ya kuvikwa jina la utawala, alikuwa na jina lake la kuzaliwa, Bangiricenge. Mwanawe aliyeongoza harakati za uhuru, na ambaye aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, aliitwa Louis Rwagasore. Mwanawe mwingine, aliyetawala kwa miezi michache mwaka 1966 kwa jina la Ntare wa Tano, aliitwa Charles Ndizeye. Binti yake aliitwa Rosa Paula Iribagiza. Baba mmoja, watoto watatu, majina manne, na hakuna hata moja linalofanana na lingine.

Mtafiti wa majina aliyezoea desturi za Ulaya, akiambiwa aandike takwimu za jina la ukoo la Bangiricenge, angelihesabu nyumba hiyo yote ya kifalme na kupata mtu mmoja tu aliyelibeba. Kwa kipimo chake, hilo lingekuwa miongoni mwa majina adimu kuliko yote duniani. Na hapo ndipo angekosea, maana ukoo wenyewe haukuwa adimu hata kidogo. Ulikuwa na ndugu wengi, matawi yenye sifa na mashindano yaliyojaza historia ya nchi. Kilichokosekana ni desturi ya kumwandika mtoto kwa jina la baba yake.

Tofauti hiyo, inayoonekana ndogo mtu akiwa kwao, huwa kubwa anapovuka mpaka. Katika nchi nyingi karatasi za serikali huchukulia kwamba baba, mama na mtoto watakuwa na jina moja, na kwamba jina hilo ni ushahidi wa udugu. Mrundi hana ushahidi wa namna hiyo katika jina lake.

Kila mtoto na jina lake

Nchini Burundi, kama ilivyo Rwanda, mtoto hupewa jina lililo lake peke yake. Huongezewa jina la dini, la Kikristo au la Kiislamu, lakini jina la Kirundi halitoki kwa baba wala kwa babu. Mke naye hubaki na jina alilopewa kwao. Nyumba ya watu sita yaweza kuwa na majina sita, na jirani asione ajabu yoyote.

Majina hayo huzungumza. Mengine humtaja Mungu, anayeitwa Imana kwa Kirundi: Ndikumana ni kusema niko kwa Mungu, Nduwimana ni mimi ni wa Mungu, Hakizimana ni kwamba anayeponya ni Mungu, na Habonimana ni kwamba anayeona ni Mungu. Mengine hutoa shukrani au tumaini, kama Ndayishimiye na Ndayizeye. Nkurunziza maana yake ni habari njema.

Mengine hueleza nafasi ya mtoto katika uzao. Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa na Bucumi wa kumi. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayewafuata huitwa Ciza. Majina haya yanaonyesha wazi kwa nini hesabu ya kawaida ya majina ya ukoo haina maana hapa. Watu wanaoitwa Minani wametapakaa nchi nzima, lakini hawana babu mmoja. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja, au mzee aliyempa jina, alihusishwa na uzao wa nane. Kinyume chake, Bukuru na Butoyi waliolala tumbo moja wataonekana katika daftari kama watu wasiohusiana.

Kwa hiyo jina la Kirundi linaweza kuwa la watu wengi bila kuwa la ukoo wowote, au la mtu mmoja ingawa ukoo wake ni mkubwa. Wingi wa jina na ukubwa wa ukoo ni mambo mawili yasiyokutana.

Ukoo upo, ila hauandikwi

Haifai kudhani kwamba Warundi hawana koo. Wanazo nyingi, na mtu hurithi ukoo wa baba yake. Wako Abanyakarama, Abahanza, Abajiji na wengine wengi. Watoto wa kifalme, waitwao Abaganwa, walipangwa kwa jina la mfalme waliyetokana naye: Abezi kwa Mwezi, Abataga kwa Mutaga, Abatare kwa Ntare, na Abambutsa kwa Mwambutsa. Mashindano ya Abezi na Abatare yalifika hadi ndani ya siasa za miaka ya uhuru.

Basi jina la ukoo lilikuwako, na lilikuwa na uzito. Lakini lilitumika kwa mdomo, katika posa, katika misiba, katika kueleza nani ni nani. Halikuwekwa nyuma ya jina la mtu kama mkia. Utawala wa kikoloni ulipoleta madaftari ya ubatizo na ya raia, safu ya kwanza ilijazwa jina la Kirundi la mtu binafsi na safu ya pili jina la ubatizo. Mgeni akiisoma karatasi hiyo leo hudhani safu ya kwanza ni jina la familia, kwa kuwa kwao ndivyo ilivyo. Karatasi haisemi uongo. Ni msomaji anayeisoma kwa desturi ya kwao.

Mnyororo wa majina wa Waswahili

Waswahili wa Burundi, kuanzia Buyenzi mjini Bujumbura hadi miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, wana desturi tofauti iliyoletwa na Uislamu na biashara ya pwani. Mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Hassan, mwana wa Juma, mwana wa Ramadhani, ni Hassan Juma Ramadhani. Binti yake Zainabu atakuwa Zainabu Hassan Juma.

Hapa udugu unaonekana katika jina, lakini kwa vizazi vitatu tu. Jina la Ramadhani, lililokuwa la mwisho kwa baba, halimo tena kwa binti. Kila kizazi kinachoingia kwa mbele, kimoja hutoka kwa nyuma. Ofisi inayotafuta jina la familia huchukua neno la mwisho, na kwa hiyo humwandika baba kuwa wa familia ya Ramadhani na binti kuwa wa familia ya Juma.

Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, na nchini Oman, baadhi ya koo zilifunga mnyororo huo kwa jina la kabila au ukoo lisilobadilika, kama Mazrui au Barwani. Hilo ndilo linalokaribia jina la ukoo kwa maana ya Ulaya. Familia nyingi za bara hazikufanya hivyo, na hazikuona haja.

Duniani kuna taifa jingine linaloishi hivi hadi leo, nalo ni Iceland. Huko mtu hutambulishwa kuwa mwana wa fulani au binti wa fulani, ndugu wa kiume na wa kike huwa na majina ya mwisho yanayotofautiana, na kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Sheria ya mwaka 1925 ilikataza watu kujitungia majina mapya ya familia. Hakuna anayesema Waiceland hawajui koo zao.

Jina la ukoo huzaliwa mezani pa karani

Wengi huamini kwamba jina adimu la ukoo ni jina la kale, dalili ya nasaba ya heshima. Historia mara nyingi huonyesha kinyume. Katika nchi kadhaa majina ya ukoo ya watu wa kawaida yana umri wa karne moja au mbili tu, na yalizaliwa kwa amri ya serikali iliyotaka kutoza kodi, kuandikisha askari na kuhesabu watu.

Nchini Japani watu wa kawaida waliruhusiwa rasmi kutumia majina ya ukoo mwaka 1870, na mwaka 1875 wakalazimishwa. Kwa kuwa mamilioni walichagua kwa wakati mmoja, nchi hiyo leo hukadiriwa kuwa na majina ya ukoo zaidi ya 100,000. Nchini Uturuki sheria ilipitishwa mwezi Juni 1934. Miezi michache baadaye bunge lilimpa Rais Mustafa Kemal jina la Atatürk, kisha likamkataza mtu mwingine yeyote kulitumia. Dada yake alipewa jina jingine, Atadan. Hivyo jina mashuhuri kuliko yote nchini humo lilikuwa na mtu mmoja tu, na adimu yake iliwekwa na sheria.

Karibu zaidi na Afrika Mashariki, kuna kisa cha kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Desemba 1848 watumwa wapatao 62,000 walipata uhuru wao. Wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wametolewa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo Kilwa. Mtumwa hakuwa na jina la ukoo kisheria, kwa hiyo kila mmoja alipaswa kupewa. Makarani waliandika majina hayo kwa maelfu katika madaftari maalumu. Waliyatunga kwa kupindua herufi za majina mengine, kwa kuchukua majina kutoka vitabu vya historia ya kale, na wakati mwingine kwa dhihaka. Baadhi ya majina yanayobebwa leo na familia chache tu kisiwani humo yalianza siku hiyo, kwa kalamu ya mtu asiyemjua aliyekuwa akimwandika.

Nchini Kongo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika siasa ya kurudi kwenye uasilia, utawala wa Mobutu Sese Seko uliondoa majina ya Kikristo mwaka 1972, na watu wakajaza nafasi hiyo kwa jina la nyongeza la Kiafrika. Ndiyo sababu Mkongomani hadi leo huandika jina, jina la nyongeza na jina la kwanza, na ndugu wawili waweza kufanana katika moja na kutofautiana katika mengine.

Kutoka kambini hadi kwenye daftari la ugenini

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipitia mlango huohuo. Wengi waliingia Tanzania na kuishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2010 Tanzania iliidhinisha maombi ya uraia ya zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Fomu za Tanzania huomba jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mtu aliyekuwa na jina la ubatizo na jina moja la Kirundi ilimbidi atafute la tatu, na mara nyingi lililo karibu ni jina la baba au la babu. Kwa njia hiyo jina ambalo mzee alipewa awe nalo yeye peke yake likawa jina la mwisho la wajukuu.

Wengine walihamishiwa Marekani. Kuanzia mwaka 2007 nchi hiyo ilipokea maelfu ya wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa bado kambini Tanzania. Baadhi yao walikuwa wamekimbia zaidi ya mara moja, kutoka Burundi hadi Rwanda au Kongo, na kutoka huko hadi Tanzania. Walipofika, kila mmoja aliandikwa kwa jina lake la Kirundi katika sehemu ya jina la familia. Mume na mke walikuwa na majina mawili. Watoto waliozaliwa njiani walikuwa na majina yao. Ni wale waliozaliwa Marekani ambao mara nyingi waliandikwa kwa jina la baba, kwa kufuata desturi ya nchi.

Hapo ndipo jina adimu la ukoo linapozaliwa. Ikiwa mzee aitwaye Habonimana ana watoto wanne waliozaliwa Afrika na wawili waliozaliwa Marekani, wale wanne kila mmoja atakuwa mwanzo wa jina jipya la ukoo, na wale wawili ndio watakaolibeba la baba. Baada ya miaka mia moja, mjukuu atakayetafuta asili yake atakuta majina matano ya ukoo yaliyotoka nyumba moja. Asipoambiwa, atadhani ni koo tano.

Tahajia huzidisha mkanganyiko. Herufi c ya Kirundi katika jina Ciza hutamkwa kama ch ya Kiswahili. Karani wa Kigoma anaweza kuliandika Chiza, na karani aliyesoma Kifaransa akaliandika Tchiza. Kwa masikio ni jina moja. Kwa mashine ya kuhesabu ni majina matatu, na kila moja ni adimu kuliko lilivyo kweli.

Namna majina yanavyohesabiwa

Ni vyema kujua jinsi takwimu za majina zinavyopatikana, kwa sababu njia ya kuhesabu huamua nani ataonekana. Idara ya Sensa ya Marekani, baada ya sensa ya mwaka 2010, ilitoa orodha ya majina ya mwisho yaliyobebwa na watu 100 au zaidi. Yalikuwa majina 162,253, nayo yalitosha kuwataja takribani asilimia 90 ya watu. La kwanza lilikuwa Smith, lenye watu 2,442,977.

Lakini jumla ya majina tofauti yaliyoandikwa katika fomu ilikuwa takribani milioni 6.3, na zaidi ya nusu yake yalijitokeza mara moja tu. Idara hiyo yenyewe ilieleza kwamba mengi kati ya haya ya mara moja huenda ni makosa ya kuandika au ya kusomwa na mashine. Kwa hiyo chini ya kizingiti cha watu 100 wamo pamoja wenye majina adimu ya kweli, wahamiaji wapya ambao majina yao hayajapata muda wa kuenea, na makosa ya kalamu. Orodha iliyochapishwa haiwatenganishi, kwa kuwa haiwataji.

Korea Kusini inatoa picha nyingine iliyo wazi. Sensa ya mwaka 2015 ilikuta majina ya ukoo 5,582. Jina moja, Kim, lilikuwa na asilimia 21.5 ya watu wote, na majina matatu, Kim, Lee na Park, yalikuwa na zaidi ya asilimia 44 kwa pamoja. Majina zaidi ya 4,000 kati ya yale 5,582 hayakuwa na maandishi ya Kichina ambayo koo za kale za Korea huandikwa kwayo. Mengi ya hayo ni ya watu waliohamia na kupata uraia. Kwa maneno mengine, jina la kale ndilo lenye mamilioni, na jina adimu ni la mgeni aliyefika jana.

Kwa nini majina hufa

Jambo hili lina hesabu yake. Mwaka 1874 Waingereza wawili, Francis Galton na mchungaji Henry William Watson, walichapisha makala kuhusu uwezekano wa familia kutoweka. Galton alikuwa ameona kwamba majina ya watu mashuhuri yalikuwa yakipotea, akauliza kama ni dalili ya udhaifu wa damu au ni bahati tu. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa amekwisha kulishughulikia swali hilo tangu mwaka 1845.

Mfano rahisi unatosha kuonyesha jibu. Tuseme wako wanaume 1,000, kila mmoja na jina lake la ukoo, na jina hupitia kwa mtoto wa kiume pekee. Tuseme robo yao hawapati mtoto wa kiume, nusu wanapata mmoja, na robo wanapata wawili. Idadi ya wanaume kwa wastani haipungui wala haizidi. Hata hivyo, baada ya kizazi kimoja majina takribani 250 yatakuwa yametoweka. Baada ya vizazi viwili yatakuwa yametoweka takribani 390, baada ya vitatu takribani 480, na baada ya vitano takribani 600. Wanaume watakuwa bado karibu 1,000, lakini watagawana majina 400 tu.

Hakuna tauni wala vita katika mfano huo. Majina yamekufa kwa sababu nyumba fulani zilizaa mabinti. Damu haikukatika, ila mfereji uliokuwa ukipitisha jina ndio uliokauka. Hii ndiyo sababu nchi zenye majina ya ukoo ya kale sana huishia na majina machache yenye watu wengi, na nchi zilizoanza jana huwa na majina mengi yenye watu wachache. Burundi iko mbali zaidi upande huu wa pili, maana kwa desturi yake kila mtoto huanza upya, na hakuna jina linaloweza kuitwa limekufa kwa kukosa mwana.

Kilicho hatarini

Kama jambo hili lingekuwa la udadisi tu, lingeachiwa wataalamu. Lakini linagusa maisha ya watu. Mama anayesafiri na mtoto mwenye jina tofauti na lake huulizwa maswali ambayo mama wa Ulaya haulizwi. Mjane anayedai akiba ya marehemu benki ya nje hutakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke wake, maana jina halisemi. Mtoto anayedai shamba la baba yake hawezi kuonyesha jina na kunyamaza.

Baada ya mauaji ya mwaka 1994 na vita vilivyofuata katika eneo la Maziwa Makuu, mashirika ya misaada, ikiwemo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yaliandikisha zaidi ya watoto 100,000 waliotenganishwa na wazazi wao. Mtoto mdogo wa Kinyarwanda au wa Kirundi aliyejua jina lake peke yake hakuwa amewapa watafutaji jina la familia, kwa sababu hakuwa nalo. Ilibidi kuulizwa jina la baba, jina la mama, kilima alichozaliwa, jina la kanisa au soko la karibu. Palipokosekana majibu, picha za watoto zilibandikwa hadharani ili ndugu wazitambue kwa macho.

Mwaka 2008 Marekani ilisitisha mpango mmoja wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao, baada ya vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa waombaji barani Afrika kuonyesha kwamba udugu mwingi uliodaiwa haukuthibitika. Mpango huo ulifunguliwa tena mwaka 2012, na kipimo cha vinasaba kikawa sharti kwa baadhi ya madai ya mzazi na mtoto. Palikuwa na udanganyifu, bila shaka. Lakini kipimo cha damu hakimtambui mtoto wa kulea, wala yatima aliyekuzwa na shangazi akimwita mama. Pale ambapo jina halisemi na damu haisemi, ni karatasi pekee inayobaki kumtetea.

Mistari miwili ya karangamuntu

Kitambulisho cha Burundi, karangamuntu, kina mistari miwili ambayo mwenyewe huipita bila kuitazama. Chini ya jina la mtu na jina lake la dini huandikwa Se, yaani baba yake, na Nyina, yaani mama yake. Hapo ndipo udugu ulipohifadhiwa. Kwa Mrundi, mistari hiyo miwili hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na jina la ukoo, na kwa namna moja huifanya vizuri zaidi, kwa sababu haimsahau mama.

Kwa hiyo familia inayotarajia kusafiri, au ambayo watoto wake wamekwisha kutawanyika, ina kazi chache za kufanya ambazo hazihitaji mwanasheria. Kwanza ni kuhakikisha kila mtoto ameandikishwa tarafani na kwamba cheti cha kuzaliwa kinataja wazazi wote wawili. Pili ni kuhakikisha majina ya wazazi yameandikwa kwa tahajia ileile katika kila karatasi, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha ubatizo au cha ndoa, na hadi diploma ya shule. Tatu ni mtu anayejaza fomu ya ugenini kueleza mapema, kwa maandishi, kwamba kwao jina halirithiwi, na kuambatisha karatasi zinazotaja baba na mama. Nne ni kuandika orodha ya nyumba nzima, majina yote pamoja na kilima na mwaka wa kila mmoja, na nakala ya orodha hiyo kuwekwa kwa ndugu walio mbali.

Wanyarwanda na Warundi husema jina ndilo mtu. Usemi huo una ukweli wake pale ambapo jina hupewa mmoja na kuondoka naye. Jina Bangiricenge halikupita kwa watoto wa mfalme, na kama familia hiyo ingetafutwa kwa jina hilo pekee isingepatikana kamwe. Inapatikana kwa sababu watu waliandika nani alimzaa nani. Familia zisizo za kifalme nazo zinahitaji kuandikiwa hivyohivyo, tena zaidi, maana wao hawana mwanahistoria wa kuwafanyia.